Viza ya Mmoja, Nyumba ya Wanne

Alasiri moja mjini Muscat tuliketi ufukweni Matrah, ambako Kiswahili cha Unguja husikika kana kwamba hatukuvuka bahari. Mwenyeji wetu, fundi umeme, alituonyesha picha ya mkewe na wanawe wawili. "Viza ya kazi ilinileta mimi tu," alisema. "Huu ni mwaka wa tatu."

Nchini Oman mwajiri humdhamini mfanyakazi. Viza ya familia huombwa peke yake, na hutazamwa kima cha mshahara, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Haya hakuyauliza mapema.

Ilipoadhiniwa Magharibi tuliinuka kimya. Ndugu msomaji, riziki yatoka kwa Allah. Lakini kabla ya kutia saini mkataba, uliza: mke na watoto wamo?