Mizani ya Misumari

Mimi ni seremala, nami nilidhani kuwa hesabu nazijua, kwani kila siku napima mbao. Basi binti yangu alipoanza kujifunza aljebra, alinijia jioni na daftari lake, akasema, "Baba, sielewi. Imeandikwa 3x + 4 = 19. Hiyo x ni kitu gani?"

Nikaenda kwa jirani mwenye duka, nikaazima mizani yake ya vitanga viwili. Nikatwaa viberiti vitatu vitupu, na katika kila kimoja nikatia misumari midogo mitano, mtoto asione. Nikaviweka katika kitanga kimoja pamoja na misumari minne. Upande wa pili nikaweka misumari 19. Mizani ikalala upande wa viberiti. Mtoto akacheka, "Baba, viberiti vyenyewe navyo vina uzito!" Kweli. Nikaongeza viberiti vitatu vitupu upande wa pili, mizani ikasimama sawa.

Nikamwambia, "Ondoa misumari minne huku na minne kule." Ikabaki 15. Akaigawa mafungu matatu, akasema, "Kila kiberiti kina mitano!" Tukafungua, tukaikuta. Kazi hii ya kuzitendea pande mbili sawasawa ni ya kale: neno aljebra latokana na jina la kitabu alichoandika al-Khwarizmi huko Baghdad, yapata mwaka 820.

Siku chache baadaye zikaja hesabu za alama <, maana yake "ndogo kuliko". Alipewa −2x < 6, naye ameandika x > −3. Nikamwuliza, "Mbona umegeuza alama? Futa."

"Baba, mwalimu alituambia…"

"Futa!"

Akafuta, akaandika x < −3, machozi yakimtoka, akaenda kulala.

Usiku sikupata usingizi. Nikawasha taa, nikajaribu. Kama x ni −5, basi −2 mara −5 ni 10. Na 10 si ndogo kuliko 6. Nikajaribu 0. Hapo upande wa kushoto ni 0, nayo ni ndogo kuliko 6. Kumbe 0 yafaa, nami nilikuwa nimeikataa! Nikafikiri habari za deni. Mwenye shilingi 2 ana kidogo kuliko mwenye shilingi 5. Lakini fedha hizo zikigeuka kuwa deni, mwenye deni la 2 ndiye mwenye nafuu. Ndiyo sababu ukizidisha au ukigawanya pande zote mbili kwa namba hasi, alama hugeuka. Mizani ya jirani haikuweza kunionyesha hayo, kwani hakuna msumari wenye uzito hasi.

Alfajiri binti yangu alipokuja kuniamkia, nilimwambia, "Mwanangu, jana wewe ulikuwa sahihi, mimi ndimi niliyekosa. Nisamehe."

Akanyamaza. Akafungua daftari, akaandika tena x > −3 mahali pale palipochakaa kwa kufutwa. Kisha akasema polepole, "Baba, leo jioni tukifanya ile ya pili, tuijaribu kwanza, ndipo tufute?"