Zimwi Likujualo

Wahenga walituachia methali kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Niliishi na faraja hiyo hadi niliposoma Pet, riwaya ya vijana ya Akwaeke Emezi, mzaliwa wa Nigeria, iliyochapishwa mwaka 2019.

Katika mji wa Lucille, watoto hufundishwa kwamba mazimwi yamekwisha. Siku moja kiumbe mwenye pembe anatoka katika mchoro wa mama yake Jam, binti ambaye ndiye mhusika mkuu. Kiumbe huyo anasema amekuja kuwinda zimwi lililojificha nyumbani kwa Redemption, rafiki mpenzi wa Jam. Wazazi wanamtaka Jam amrudishe kiumbe alikotoka. Kumbe huyo wa kutisha ndiye mwindaji, na zimwi ni mtu wa nyumbani, mwenye kuaminiwa na wote.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi aliketi ofisini kwangu akaanza kunieleza, kwa kusitasita, habari za mhadhiri mwenzangu. Nilimkatiza: "Yule ni mtu wa heshima zake." Akajibu, "Samahani, Mwalimu," akatoka. Hakurudi tena.

Ndugu msomaji, sikuwa na nia mbaya. Hata wazazi wa Jam hawakuwa nayo. Lakini taasisi inayojisifu kwamba haina mazimwi humwacha mwathirika bila mtu wa kumweleza. Mwanafunzi yule aliniomba dakika chache tu za kumsikiliza, nami nikamnyima.