Ujuzi Uliorudi na Walimu

Kwa miaka mingi sisi Wakristo wa Gusii tulifundishwa Uislamu na watu ambao hawajawahi kukaa na Waislamu. Wamisheni Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakaanza Nyanchwa muda mfupi baadaye, na mwaka 1948 Walutheri kutoka Sweden wakafungua Itierio. Kila misheni ilichunga kondoo wake wasihamie kwa misheni jirani, na katika kugombania waumini huko, Wanubi wa mji wa Kisii, wajukuu wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, walisahaulika. Nyama ya mjini tuliinunua tukijua imechinjwa na Mwislamu. Imani yake hatukumuuliza. Kisha ukaja wakati wa mihadhara: vipaza sauti uwanjani, Biblia na Kurani juu ya meza moja, kanda zikipita mkono kwa mkono. Nakumbuka tulivyoamini kwamba anayemnyamazisha mwenzake kwa aya ndiye aliyehubiri.

Pwani ilikuwa imekwisha kuipita njia hiyo zamani, nasi hatukuwa na habari. Godfrey Dale, padre wa misheni ya Kianglikana ya UMCA huko Zanzibar, alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923, akaitilia maelezo ya kuupinga Uislamu. Ilikuwa kazi ya msomi, na ilimwezesha Mkristo kukisoma mwenyewe kitabu anachokijadili. Lakini Waislamu nao walitoa tafsiri zao, Waahmadiyya mwaka 1953 na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy mwaka 1969, na ubishi ukapata silaha pande zote mbili. Mwaka 1959 makanisa ya Kiprotestanti barani yalianzisha mradi ambao leo unaitwa PROCMURA, wenye makao Nairobi, ili yafundishane namna ya kushuhudia na bado kuishi kwa amani na Waislamu. Fikra hiyo ilichelewa mno kufika kwenye mimbari zetu.

Kwa maoni yangu, kilichotubadilisha zaidi ni ualimu. Vijana wetu walioajiriwa kufundisha Wajir, Mandera na Garissa, kwenye Waislamu wengi, walijifunza mambo ambayo mwinjilisti wa kanda hakuyajua: kwamba mchana wa Ramadhani huli mbele ya mtu aliyefunga, kwamba mzazi anayekukabidhi binti yake darasani amekwisha kukuamini kuliko hoja yoyote, kwamba Mwadventista asiyekula nguruwe wala kunywa pombe hukaribishwa mezani bila wasiwasi. Walirudi pia na hofu. Novemba 2014 abiria 28 wa basi waliuawa na wanamgambo wa Kiislamu karibu na Mandera, na tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 wakauawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wapo wanaosema baada ya damu hiyo hakuna cha kujifunza kwa Waislamu. Nayaheshimu machozi yao, lakini Desemba 2015, basi jingine liliposimamishwa huko Mandera, abiria Waislamu waliwapa wanawake Wakristo hijabu zao wajifunike na wakakataa kutengwa nao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari iliyofuata. Somo lolote la Uislamu kanisani lisilo na nafasi ya mtu huyu ni pungufu.

Pingamizi jingine ni zito zaidi: ujirani utaila Injili, tubaki na adabu bila Kristo. Naona ni kinyume chake. Mwenye miaka ya kuaminiana ndiye anayeulizwa kwa nini anasali, na jibu lake husikilizwa. Kuna pia wanaoonya kwamba walimu hawa wakisimulia uzoefu wao hadharani kanisani, wanaweza kumhatarisha aliyebadili dini. Hapo wana haki kabisa. Majina na vijiji vifichwe, picha zisipigwe, na mavuno yasihesabiwe mbele ya wafadhili. Kinachofaa kugawanwa ni jinsi mtu alivyoishi, alichokosea na alichoombwa na wenyeji, na hayo mwalimu mstaafu wa Wajir anaweza kuyaeleza Jumamosi au Jumapili bila kumtaja mtu yeyote.