Windo la Babu



Likizo ya Juni ilitukuta mafrateri watatu nyumbani Puge, wilayani Nzega, kando ya barabara itokayo Tabora kwenda kaskazini. Wote tunasoma falsafa, wote tuna miaka 25 au karibu na hapo, na wote tulijiona tunajua kuwatembelea wagonjwa.

Katekista alitupeleka kwa Babu mmoja aliyepata kiharusi miaka miwili iliyopita. Upande wake wa kulia umelala. Mguu hauinuki, mkono unaning'inia. Jumuiya ilikuwa imetuonya kwamba haongei tena na watu, anasubiri siku yake tu. Alipokea Komunyo, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Wajukuu, sala nimezipokea. Sasa nipelekeni porini nikawinde."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Ujanani alikuwa mwindaji wa gobore. Gobore alikwisha kulisalimisha zamani, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda bila leseni, awe mzima au mgonjwa. Tulimweleza hayo taratibu, kama watu wanaomweleza mtoto. Akatusikiliza hadi mwisho. "Nani kataja mnyama? Nina mizinga sita kwenye miyombo kule. Haijarinwa tangu nianguke. Nyuki naye ni windo."

Basi tukaanza kupanga. Tulipanga kwa juhudi kubwa, chini ya mwembe wa kigango, yeye akiwa kwake. Kiti chake cha magurudumu tulikijaribu kwanza, kikazama kwenye mchanga kabla ya kufika barabarani. Pikipiki tuliikataa, kwa kuwa mtu asiyeweza kujishika atafungwaje nyuma ya dereva kwa kilomita saba za mashimo? Mwisho tukakubaliana juu ya machela: miti miwili, turubai, na vijana wanne wa kupokezana.

Wazo hilo lilitupendeza kwa sababu nchi hii ina historia nalo. Mwaka 1858 Mwingereza Richard Burton, akiwa njiani kutoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, kwenda Ziwa Tanganyika, miguu ilimpooza akabebwa kwa machela. Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote kwa kazi ya upagazi katika njia ile. Tukasema, sisi ni wajukuu wa wapagazi, mzee mmoja atatushindaje? (Vitabu vinamkumbuka aliyebebwa, majina ya mabega hayamo. Hilo tulilizungumza pia, tukaona uchungu kidogo.)

Asubuhi ya safari tulifika na machela yetu. "Mwangaluka, Babu." Aliitikia, akaiangalia ile miti, akageuza uso ukutani. "Hivyo hubebwa maiti. Mimi bado."

Hatukwenda popote siku hiyo. Tulikaa uani tumeinama, vijana wanne waliokodiwa kwa soda wakituangalia. Muhula uliokuwa umeisha tulijibu mtihani juu ya sababu nne za Aristotle, na tulizijibu vizuri. Machela yetu ilikuwa na mti, ilikuwa na umbo, ilikuwa na fundi. Lengo lake hatukumuuliza mwenyewe.

Jioni tulirudi mikono mitupu, tukamwomba radhi, tukamwuliza angetaka kwendaje. Ikawa kama tumefungua mlango. Alitaka mkokoteni wa ng'ombe wa jirani, kwa kuwa mkokotenini mtu hukaa akaona njia. Gunia la pumba nyuma ya mgongo, jingine upande wa kulia asielemee. Dawa za presha zifungwe shingoni mwa mjukuu wake, si kwenye mzigo. Haja ndogo angesaidiwa na mjukuu huyo huyo, "ninyi mafrateri mna aibu nyingi." Ni kweli.

Jambo moja tu lilitutisha hata tukashindwa kulala. Nyuki wakichachamaa, mzima hukimbia, yeye je? Tulimwambia waziwazi hofu hiyo, na yeye akaipangia. Tungerina usiku, nyuki wakiwa wazito wa kuruka. Ng'ombe wangefunguliwa na kupelekwa mbali, maana nyuki hawamwachi ng'ombe. Yeye angevaa kofia pana iliyoshonewa neti ya mbu, na watu wawili wangekaa naye na blanketi bila kumwacha kwa sababu yoyote.

"Na mtini utapandaje, Babu?" mmoja wetu aliuliza.

"Kwa nini nipande? Teremsheni mzinga."

Ofisi ya kijiji tuliiaga, tukaondoka saa tisa alasiri. Njiani alisimamisha mkokoteni mara nyingi: hapa aliwahi kulala na mvua, pale palikuwa na mninga mkubwa, sasa ni shamba la tumbaku. Mizinga minne tuliikuta haina kitu. Miwili imepasuka, miwili imehamwa. Hakusema neno. Wa tano ulikuwa unavuma.

Giza lilipoingia, kijana akapanda na kamba. Mzinga ukashuka polepole, ukizunguka, hadi mbele ya magoti ya Babu aliyekaa kwenye gunia lake. Tulimkumbuka yule mwenye kupooza wa Marko 2, ingawa pale aliyeteremshwa ni mgonjwa mwenyewe. Kienge cha moshi alikishika kwa mkono wa kushoto. Alipuliza, akasikiliza, akapuliza tena. Kisha akatuelekeza sega kwa sega: hili kata, hili lina watoto wa nyuki, liache. Frateri mmoja alikata la watoto kwa haraka zake, akagombezwa mbele ya watu wote. Sauti ile hatukuwa tumewahi kuisikia kutoka kwake.

Tulipata ndoo moja, haikujaa. Babu aliumwa mara tatu, miwili kati ya miiba hiyo mkono wa kulia, na alituonyesha mkono huo kwa furaha ya ajabu: "Huu nimeusikia!" Mganga wa zahanati alituambia baadaye kwamba hiyo si dalili ya kupona. Hatujamwambia Babu, mganga atamweleza mwenyewe akitaka kuuliza.

Mzinga wa sita hatukuufikia, kamba ilikuwa fupi. Ameagiza ya mita ishirini kwa ajili ya Novemba. Sisi tutakuwa darasani wakati huo. Katekista amekwisha kuinunua.