Kutoka Masjala Hadi Kwenye Mfumo

Nilipomaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003, kitu cha kwanza nilichohitaji ili nitafute kazi kilikuwa sanduku la posta la mtu mwingine. Barua hazikuletwa majumbani, na kwetu Songea hakuna aliyekodi sanduku katika ukoo mzima. Wengi tulitumia S.L.P. ya shule, ya parokia, ya msikiti au ya ofisi ya ndugu. Mimi niliandika ya shule ya msingi aliyofundisha baba mdogo. Kila barua yangu ilifikia mezani kwa mwalimu mkuu, walimu wakaiona, kisha akapewa mtoto wa jirani ailete nyumbani. Mtaa mzima ulijua natafuta kazi.

Mwalimu mkuu yule ndiye aliyekuja kwa miguu, jioni ya mvua, kuniletea barua ya kuitwa kwenye usaili. Aliona muhuri wa wizara juu ya bahasha, akapiga hesabu mwenyewe kwamba ikilala ofisini hadi Jumatatu nitakosa basi. Hakuwa ndugu yangu. Wapo niliosoma nao ambao barua kama hiyo iliwafikia usaili umeshapita, na hapakuwa na mtu wa kumlilia.

Ombi lenyewe lilikuwa mzigo: bahasha ya kaki, barua ya maombi, wasifu uliochapwa steshenari, nakala za vyeti zilizogongwa muhuri wa wakili, picha ndogo, majina ya wadhamini watatu. Matangazo mengine yalitaka barua iandikwe kwa mkono, ukikosea neno unaanza upya. Nafasi tulizisoma kwenye Daily News na The Guardian, nakala moja ikizunguka vyumba vya hosteli mpaka inachanika. Aliyekuwa Dar es Salaam alipanda daladala akaikabidhi bahasha yake masjala, karani akasaini kwenye daftari. Aliyekuwa Songea alisoma tangazo hilohilo kwa kuchelewa, akaenda posta, akalipia rejista, akabaki na kipande cha risiti. Na kule masjala, mwenye shangazi alijua faili lake liko wapi. Asiye naye alisubiri ukimya. Barua ya kukataliwa ilikuwa adimu mno, kwa hiyo hukujua kama umeshindwa au hukusomwa kabisa.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi nasikia watu wa rika langu wakiusifu wakati ule. Ulikuwa wakati wa kujuana. Kujuana kulinibeba mimi, kukawaangusha wengine wenye akili kunishinda.

Kisha Serikali ikaanza kukusanya uajiri wake mahali pamoja. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma iliundwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002, kama ilivyorekebishwa na Sheria Na. 18 ya 2007. Wakati huo wahitimu walikuwa wameongezeka kuliko ofisi. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walifika Uwanja wa Taifa kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mimi nilikuwa kazini tayari. Nilizitazama picha zile gazetini, vijana wamejaa kwenye viti vya mashabiki, na nilijua kwamba kwa wingi ule hakuna masjala duniani itakayosoma bahasha zote.

Mfumo wa Ajira Portal ndio uliochukua nafasi ya bahasha. Mwombaji anafungua akaunti, anajaza taarifa zake, anapandisha vyeti. Barua ya maombi bado inaelekezwa kwa Katibu wa Sekretarieti hiyo, S.L.P. 2320, Dodoma, ila inasainiwa, inaskaniwa na kupandishwa, posta haiioni. Kijana wa Namtumbo mwenye bando anaomba saa ileile na kijana wa Sinza. Anayeitwa kwenye usaili anaona jina lake kwenye tangazo, na asiyeitwa anaona halipo. Hili ni jema kubwa, na sitaki lipite bila kusemwa.

Lakini mtu wa kukutetea hayumo tena. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwakuta watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Tangu hapo karatasi ya mtumishi ikawa inatazamwa kwa jicho kali, na karatasi za Watanzania wengi zina historia ndefu. Enzi zetu mtoto aliyefeli darasa la saba aliweza kurudia kwa jina la mwenzake aliyeacha shule, akaendelea nalo mpaka uzeeni. Mwingine aliandikishwa na jirani aliyekisia jina la babu. Kijijini kila mtu alimjua ni nani, haikuwa taabu.

Binti wa kaka yangu alinipigia simu mwaka juzi. “Shikamoo shangazi. Mfumo umegoma.” Cheti chake cha kidato cha nne kina jina la babu, kitambulisho cha taifa kina jina la ukoo. Yote ni yake, na wazee wote wa Songea wangeapa hivyo. Zilibaki siku chache dirisha la maombi lifungwe. Ilibidi atafute wakili amwandalie hati ya kubadili jina, kisha isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Ilipokamilika, dirisha lilikuwa limefungwa. Alilia kwa jambo ambalo mwalimu mkuu wangu angelimaliza kwa maneno mawili, na nililia naye. Aliomba tena nafasi zilipotangazwa upya, na sasa ni mtumishi wa halmashauri.

Tangu hapo nimeacha kuwauliza vijana wanaohitimu kama wanamjua mtu. Nawauliza vyeti vyao vinasemaje. Kazi iliyokuwa ya wadhamini imehamia kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu hutengenezwa na sisi wazazi, miaka ishirini kabla ya ombi. Tangu 2013, kuanzia mkoa wa Mbeya, watoto wa chini ya miaka mitano wamekuwa wakisajiliwa bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, imeueneza mpango huo katika mikoa mingi.

Kwa hiyo nakuomba, mzazi mwenzangu: mpeleke mtoto asajiliwe, na majina matatu utakayoandika siku hiyo yawe hayohayo darasa la kwanza, darasa la saba na kidato cha nne. Nawe uliye chuoni, vitoe vyeti vyako leo, uviweke sambamba na kitambulisho cha taifa, usome herufi moja moja. Ukiona tofauti, anza kuishughulikia kabla tangazo halijatoka, kwa sababu dirisha la maombi hufunguliwa kwa siku chache tu.