Nguo za Kuingia Nazo Bonde la Lambwe

Kusini-magharibi mwa mji wa Homa Bay, chini ya milima ya Gwassi, limelala Bonde la Lambwe. Humo mna mbuga ya Ruma, makao ya korongo, mnyama aliye adimu sana nchini Kenya. Zamani malale yaliwatesa sana wenyeji, na mbung'o wangaliko hata leo.

Kwa hiyo msafiri mwenye busara hutayarisha nguo zake nyumbani. Hununua pamethrini ya kupulizia nguo, yenye nguvu ya asilimia 0.5. Hutundika suruali, soksi na shati nje ya nyumba, huzipulizia mpaka zipate unyevu, kisha huziacha zikauke kabisa kabla ya kuzivaa. Dawa hii haipakwi mwilini. Ikiwa mbichi yaweza kumwua paka. Na mabaki yake yasimwagwe mtoni, maana huua samaki.

Lakini mtu asijidanganye. Pamethrini huwakinga watu na mbu na kupe. Juu ya mbung'o haijathibitika kuwa ni kinga ya kutosha. Mdudu huyo huuma kupitia kitambaa chepesi, tena huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo sababu mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Yafaa basi shati zito la mikono mirefu, lenye rangi ya udongo. Na atakayeshikwa na homa baada ya safari aende hospitali upesi, amweleze daktari alikotoka.