Dhiraa Moja ya Filamu

Atokaye Kasongo kwenda Kabambare huelekea mashariki, akiuacha mto Lualaba nyuma yake. Wakati wa mvua baiskeli zenye mizigo husukumwa kwa mikono katika matope, na mwenye pikipiki hushuka mara nyingi kuliko anavyopanda. Nchi hii ilipitiwa zamani na misafara ya Tippu Tip, aliyekuwa na makao yake Kasongo. Ndiyo iliyokieneza huku Kiswahili tusemacho hata leo. Mimi nilisafiri kwa ajili ya kitu kidogo sana: kipande cha filamu ya sinema ambacho mzee mmoja wa Kabambare amekitunza tangu ujana wake.

Mzee alitupokea barazani, akamwagiza mjukuu wake alete viti, akatuuliza habari za safari na za nyumbani. Ndipo alipotoa kopo la bati lililokuwa zamani la majani ya chai. Ndani yake, katika kitambaa, mlikuwa na utepe mwembamba, urefu wake kama dhiraa moja.

“Uinue mbele ya jua, mwanangu,” akaniambia. “Huhitaji mashine.”

Nikauinua. Nikaona picha ndogo ndogo, moja chini ya nyingine, kila moja kama ukucha wa kidole: wanawake wanatoka kanisani, na mmoja wao amegeuza uso.

“Huyo ndiye mama,” alisema mzee. “Alifariki bila kupigwa picha nyingine. Uso wake hauko penginepo.”

Sasa tueleze jinsi utepe huo ulivyofika mikononi mwake. Katika miaka ya 1950 sinema ilikuwa kazi mojawapo ya misioni za Kongo. Huko Luluabourg, mji uitwao leo Kananga, Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza michezo ya kuchekesha ya Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwenziwe mwembamba. Huko Bukavu Mapadri Weupe walikuwa na kituo chao, Africa Films. Mara nyingi filamu hizo zilikuwa za upana wa milimita 16, aina iliyotolewa na kampuni ya Kodak mwaka 1923. Haikushika moto upesi kama filamu za kwanza, na mashine yake iliweza kuchukuliwa kwa gari hadi vijijini. Shuka jeupe lilitundikwa, injini ya umeme ikawashwa mbali kidogo ili kelele zake zisisumbue, na msemaji akasimama kando ya shuka kuwaelezea watu kwa lugha yao.

Wala tusifiche upande wa pili. Tangu 1945 sheria ya koloni ilimkataza Mkongo kutazama sinema isiyokubaliwa kwanza na tume ya serikali. Wenye mashine ndio walioamua lipi lipigwe picha na lipi lionekane. Wanawake wale wa Kabambare hawakuulizwa.

Mzee wetu alikuwa kijana wa kubeba masanduku ya mashine. Jioni moja filamu ilinasa, na taa ikaunguza picha chache. Padri aliikata palipoharibika, akaiunga kwa gundi, na kile kipande kilichoanguka chini kijana akakiokota. Hayo yalitokea kabla ya uhuru wa 1960. Kikanusurika vita vya 1964, kikanusurika na vile vilivyofuata.

Je, kwa nini watu hata leo wanapenda filamu ya namna hii, hali simu ya mfukoni yaonyesha sinema nzima? Wako duniani wanaokusanya makopo yake na kutengeneza mashine kuukuu kwa mikono yao. Mwaka 2023 Christopher Nolan alitoa filamu yake Oppenheimer, na nakala zake kubwa kuliko zote zilikuwa na utepe wa kilomita kama 18. Sababu mojawapo niliifahamu pale barazani: filamu ni kitu cha kushikwa. Picha iliyomo katika simu haionekani simu ikifa. Lakini picha ya utepe yahitaji jua na jicho tu.

Tena mashine yenyewe ni ya ajabu. Kijino cha chuma huivuta picha moja mbele ya taa, huisimamisha, kisha huvuta ya pili. Na kila picha inapohama, kipande cha bati huziba mwanga. Picha 24 hupita katika sekunde moja. Basi karibu nusu ya wakati mtazamaji hukaa gizani bila kujua. Kopo la dakika 11 lina picha kama 16,000. Dhiraa ya mzee ina picha kama 60: haifiki sekunde tatu.

Lakini utepe ule wanuka siki. Hiyo ndiyo dalili ya ugonjwa wa filamu za namna hii. Joto na unyevu huzivunja polepole. Hukauka, hujikunja, na mvuke wake huziambukiza nyingine zilizo karibu. Ugonjwa ukianza hauponi, ila hupunguzwa mwendo kwa baridi na ukavu. Mjukuu alikwisha piga kila picha kwa simu yake. Alifanya vema, maana nakala ni akiba.

Kisha mzee akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu. “Kopo lenyewe lilikwenda Ulaya pamoja na Padri. Je, mama yuko huko?”

Filamu nyingi za misioni zimehifadhiwa Ubelgiji, katika nyumba ya kumbukumbu KADOC mjini Leuven. Nyingine za koloni zimo katika jumba la makumbusho la Tervuren. Huko zina baridi na ukavu unaozifaa. Lakini mtunzaji wa Leuven ataandika tu: “wanawake wanatoka kanisani.” Atakayeweza kusema yule wa tatu ni nani yuko Kabambare, naye ni mzee wa miaka themanini na zaidi.

Kwa hiyo, ninyi vijana mnaosoma, mkikuta nyumbani au parokiani kopo la filamu, msilitupe, wala msilifungue juani. Liwekeni pakavu penye ubaridi, na linalonuka siki litengeni na mengine. Kisha waiteni wazee, mwandike majina ya watu na ya mahali, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Mimi nimeliandika jina la mama yule, na mwaka ambao mzee aliukumbuka. Barua itapelekwa Leuven. Utepe umebaki Kabambare, katika kopo lake.